Kusikiliza Neno "Ila": Namna ya Kumjali Mfanyakazi Mwenzako Aliye Mbali

Timu yetu ina watu saba, na hakuna ofisi inayotukutanisha. Wawili tuko Mbeya, mmoja Tukuyu, wawili Iringa, mmoja Mafinga na mmoja Njombe. Tunakusanya na kuchambua takwimu za wakulima wa viazi mviringo na parachichi, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na kompyuta mpakato yake, na kikao cha Jumatatu hufanyika kwa simu. Miaka michache iliyopita mwenzetu wa Njombe alianza kutuma majedwali saa nane na saa tisa usiku. Sisi tukamsifu. Kwenye kundi la WhatsApp tulimwita jembe, mkuu wetu wa kazi akamtolea mfano kwa wengine, na yeye akajibu kwa kidole gumba tu. Miezi miwili ilipita kabla hatujatambua kwamba tulikuwa tunampongeza mtu aliyepoteza usingizi tangu alipomzika baba yake.

Ofisini tungemwona. Anayeketi meza ya pili hawezi kuficha macho mekundu, chai iliyopoa bila kunywewa, wala ile hali ya kukodolea karatasi moja kuanzia saa tatu hadi saa tano. Aliye mbali hutufikia akiwa amekwisha kuchujwa: tunapata maandishi yake, sauti yake kwa dakika kumi, na kazi yake. Kwa hiyo yale ambayo ofisini yangefanywa na macho bila mtu kukusudia, huku hayana budi kupangwa, na haya ninayoyaeleza ni yale tuliyojifunza tangu wakati huo, baadhi yake kwa kukosea. Mimi si daktari. Panapohusu dalili na tiba nimebaki katika yale ambayo wataalamu wa afya wanakubaliana.

Mjue akiwa mzima

Huwezi kutambua kwamba mtu amebadilika kama hukuwahi kujua alivyokuwa. Kabla ya tatizo lolote, jifunze mazoea ya kila mmoja: huamka saa ngapi, hupenda kuandika au kutuma ujumbe wa sauti, hutania au hatanii, hujibu papo hapo au hukaa na ujumbe hadi jioni. Mwenzetu wa Mafinga hujibu kwa neno moja tangu tumfahamu, na neno lake hilo halina huzuni yoyote ndani yake. Lakini dada yetu wa Tukuyu, ambaye hawezi kusema "sawa" bila kuongeza habari za mvua na migomba, akijibu neno moja siku tatu mfululizo, mimi hupiga simu.

Kinachotafutwa ni badiliko linalodumu, kwa sababu siku mbaya kila mtu anazo. Wataalamu huangalia kama huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, vimeendelea karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ulaji, nguvu za mwili, umakini na namna mtu anavyojithamini. Kwa aliye mbali mambo hayo hujitokeza kwa sura nyingine: makosa madogo ya hesabu kwa mtu asiyekosea, kunyamaza kikaoni, kuomba radhi kupita kiasi kwa jambo dogo, kazi inayofika usiku wa manane, au udhuru wa mtandao unaojirudia kila wiki. Hali hiyo huenda ikawa uchovu wa kazi, na huo Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliokosa kudhibitiwa, wenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kushuka kwa ufanisi. Shirika hilo halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Tofauti hiyo ina faida kwetu sisi tusio madaktari, kwani mtu aliyechoshwa na kazi hupata nafuu kazi ikirekebishwa, ilhali sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, humfuata mtu hadi shambani na kanisani, na hapo kupunguza majedwali peke yake hakutoshi.

Kwa huku kwetu kuna tahadhari ya kuongeza. Umeme hukatika kweli, bando huisha kweli, na mvua ya Machi ikianza kugonga bati pale Tukuyu hakuna kipaza sauti kinachoweza kushindana nayo, hata mtu akajizima kikao kizima bila kuwa na tatizo lolote isipokuwa paa. Usimtangaze mwenzako kuwa anaumwa kwa sababu hakusikika Jumatatu. Lakini pia usiupokee udhuru wa umeme kwa mara ya sita bila kuuliza, hasa kama unajua mtaa wake haukuwa gizani.

Namna ya kuuliza

Salamu zetu ni hazina, na katika jambo hili zinaweza kuwa pazia. Mtu akiulizwa "Habari za asubuhi?" hujibu "Nzuri" hata kama amekesha hospitalini akimuuguza mtoto, kwa kuwa adabu inamtaka aanze hivyo, kwa Wahehe na Wabena "Kamwene" hujibiwa "Kamwene", na kwa Wanyakyusa "Ugonile" ina utaratibu wake unaotangulia jambo jingine lolote. Uzuri ni kwamba adabu hiyohiyo imeacha mlango wazi: "Nzuri, ila...", au "Tunamshukuru Mungu, ingawa...". Habari yenyewe huja baada ya "ila". Ana kwa ana huwa tunalisubiri neno hilo, huku tumeshikana mikono. Kwenye maandishi tunapokea "Nzuri" na kurukia kazi kabla halijafika.

Desturi yangu sasa ni kuuliza mara mbili, na mara ya pili kuulizia kitu kinachojulikana. "Na usingizi?" "Na mtoto, kikohozi kimemwacha?" "Tangu mrudi kutoka msibani, jioni zinakwendaje?" Swali lililotaja kitu ni gumu kulijibu kwa "nzuri" tupu, na hata likijibiwa hivyo, mtu anakuwa amejua kwamba kuna aliyekumbuka.

Piga simu badala ya kuandika, na usiulize kamwe ndani ya kundi, hata kwa nia njema, kwani swali la "mbona siku hizi umepoa?" mbele ya watu saba linamlazimisha mtu kuutetea uzima wake. Kabla ya kuingia katika jambo zito uliza kwanza: "Uko mahali unapoweza kuongea?" Wengi wetu tunafanyia kazi sebuleni, watoto wakiwa pembeni, na mtu anaweza kukuambia yuko salama kwa sababu tu mama mkwe amekaa kiti cha jirani.

Mwenzetu wa Njombe aliongea nami mara ya kwanza akiwa amesimama nje, karibu na banda la ng'ombe, usiku wa Julai, meno yakigongana kwa baridi, kwa sababu ndani kulikuwa na watu tisa. Alisema, "Kaka, mimi kichwa tu kinaniuma." Kisha akanyamaza, na mimi nikajizuia kumshauri anywe dawa gani. Nilikuwa nikimsikia ng'ombe akicheua. Baada ya muda, ambao kwenye simu ulionekana mrefu kuliko ulivyokuwa, akasema, "Na nawaza sana."

Hilo ndilo neno la kuanzia. Mtu wa kwetu husema ana mawazo, moyo ni mzito, mwili hauna nguvu, kichwa kinamsumbua. Neno "sonona" litakuja baadaye, kwa daktari, na "ugonjwa wa akili" likitajwa katika simu ya kwanza huwafanya wengi wafikirie ukichaa na kufunga mdomo. Lichukue neno lake na umrudishie: "Hayo mawazo huja zaidi wakati gani?" Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo haikupi ruhusa ya kumhoji. Kwa mzee wetu wa Iringa mimi sijawahi kuuliza moja kwa moja; nilimwomba rika lake, yule wa Mafinga, ampigie, nao wakaongea lugha yao kwa saa nzima kuhusu mambo ambayo mpaka leo sijaambiwa, wala sihitaji kuambiwa.

Ukishaambiwa

Neno baya kuliko yote ni "jikaze". Mwanaume wa nyanda hizi amekuwa akiambiwa ajikaze tangu alipoanza kuchunga, na kama kujikaza kungetosha asingekusimulia. Linalofuata kwa ubaya ni kumlinganisha na wenye shida kubwa zaidi. Mtu wa kanisa akitaka kuombewa, mwombee, na mchungaji au katekista anayemwamini ni msaada wa kweli, ila asije akaambiwa kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Akikueleza kwamba ndugu zake wanashuku amerogwa, usifungue mjadala; muulize yeye mwenyewe anaonaje, na mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini. "Pole" iliyosemwa taratibu na kuachwa ikae inatosha kwa dakika kadhaa.

Kisha shika sehemu ya mzigo, na uitaje kwa jina. "Ukihitaji msaada niambie" ni sentensi ya heshima ambayo humwachia mtu aliyechoka kazi nyingine ya kufikiri ahitaji nini na aombe vipi. Sema: "Jedwali la kata tatu la Alhamisi nitalimaliza mimi, wewe nitumie tu picha za madodoso." Nilipomwambia hivyo mwenzetu, picha zilifika baada ya dakika nne.

Kurekebisha kazi yenyewe

Hapa ndipo wakuu wa kazi hupenda kupapita haraka, kwa kuwa ni rahisi kumtuma mtu kwa mshauri nasaha kuliko kuacha kumtumia ujumbe saa nne usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kwa wafanyakazi walio wengi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, inataka saa za ziada ziwe na makubaliano na malipo, na inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kufanyia kazi nyumbani hakufuti saa hizo. Sisi tulikubaliana kwamba ujumbe wa kazi unakoma saa kumi na mbili jioni; anayependa kuandika usiku aandike, lakini aupange utoke asubuhi. Jedwali likifika saa nane usiku siku hizi halipongezwi. Mtu mmoja humpigia simu aliyelituma, kesho yake, baada ya chai.

Kamera isilazimishwe, kwani inakula bando na kuionesha nyumba ya mtu, na wapo wasiotaka ukuta wao ambao haujapigwa lipu ujulikane na mkuu wao. Gharama ya bando inapotoka mfukoni mwa mfanyakazi, kila kikao kirefu kinakuwa pia ni swali la mboga ya jioni, na msongo wa namna hiyo hauondolewi na mazungumzo mazuri. Kwa anayeumwa, sheria hiyohiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya angalau siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Wafanyakazi wengi niliozungumza nao walidhani likizo hiyo ni ya malaria na mifupa iliyovunjika.

Kukutana nako ni sehemu ya kazi. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, hivyo tulichagua Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile kuu, kila mmoja akipanda basi lake asubuhi na kurudi jioni. Tunakutana kila baada ya miezi mitatu, bila ajenda ndefu. Tuliwahi kujaribu kukutania kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wa mvua ulipokuwa umeujaza, na sitarudia: aliyekuwa na mawazo alikunywa kuliko wote na kuongea kidogo kuliko wote.

Msiba wa mbali

Kosa letu kubwa lilianzia hapa, kwa hiyo nalieleza kwa urefu. Baba wa mwenzetu alipofariki tulichanga rambirambi kwa simu ndani ya siku moja. Mweka hazina akaorodhesha majina na kiasi, tukaandika "pole sana" mara sita, na orodha ilipofungwa nasi tukahisi tumemaliza. Hatukuwa na ubaya. Ila msiba wa kweli haukai ndani ya simu. Kama tungekuwa ofisi moja tungekodi gari, tungeketi naye, wanaume wangekesha penye moto na wanawake wangeshika masufuria, na baada ya maziko tungemwona kila asubuhi bila hata kupanga. Yeye alirudi kutoka makaburini akafungua kompyuta, akakuta kazi za wiki nzima zikimngoja na kundi limekwisha kuhamia kwenye habari za bei ya parachichi.

Sasa tuna utaratibu. Aliye karibu zaidi huenda kwa niaba ya wote, hata kama ni kwa nusu siku, na nauli hutoka kwenye mchango. Kazi za mfiwa hugawanywa kabla hajarudi. Na kuna mtu mmoja, aliyekubali kwa jina, anayempigia baada ya wiki moja, baada ya wiki tatu, na karibu na arobaini kwa wanaoifanya, kwa sababu watu huondoka matanga yakianuliwa na nyumba hunyamaza ghafla. Simu hizo zina faida kuliko ile ya siku ya kwanza, ambayo mfiwa mara nyingi haikumbuki.

Hali ikiwa ya hatari

Mtu akisema amechoka kuishi, kwamba watoto wangekuwa na heri bila yeye, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga bila safari, muulize waziwazi: "Je, umefikia kuwaza kujiua?" Wataalamu wanakubaliana kwamba kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitamka. Akikubali, usikate simu. Muulize yuko wapi, yuko na nani, na kama ana kitu alichokwisha kufikiria kukitumia. Kisha, kwa simu ya pili au kupitia mwenzako mwingine, mtafute mtu atakayefika mlangoni kwake ndani ya dakika chache.

Ugumu wa kuwa mbali ni huu, na hauwezi kutatuliwa usiku huo, hutatuliwa mapema. Kila mmoja wetu amewapa wenzake wawili jina la mtaa au kijiji, namba ya jirani au ndugu anayemwamini, na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Karatasi hiyo haimo kwenye kundi. Anayefika nyumbani aombwe akae naye, asimwache peke yake, na aziondoe dawa za shamba, ambazo katika nyumba za wakulima wa huku hukaa chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa stoo.

Baada ya hapo ni huduma ya afya: kituo cha afya au hospitali ya wilaya kwa kuanzia, kisha rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kwa hali nzito zaidi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyoko Dodoma. Kwa maelekezo ya afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Familia nyingine huficha tukio kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo ieleweke, ila isimzuie mtu kufikishwa kwa daktari.

Siri, na mipaka yako

Ulichoambiwa karibu na banda la ng'ombe kinabaki pale. Kama ni lazima mkuu wa kazi ajue, mwombe mwenye jambo ruhusa, na mwambie mkuu kile tu kinachohusu ratiba: "Anahitaji wiki mbili za kazi nusu." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na picha ya cheti cha hospitali iliyosambazwa kwenye kundi "ili tumwombee" ni uvunjaji wa siri. Hatari ya uhai ndiyo inayoruhusu kusema bila ruhusa, kwa wanaoweza kuokoa, na kwa hao tu.

Wewe nawe usiwe hospitali. Mimi katika wiki zile nililala na simu kifuani, nikaanza kuwafokea watoto, mpaka mke wangu aliponiuliza swali la pili. Tangu hapo hatumwachii mtu mmoja jukumu hilo. Tuko wawili, tunapokezana, na kila mmoja anajua siku ambayo si yake.

Mwenzetu alirudi kazini kwa saa nne kwa siku, akiendelea na kliniki. Tulikubaliana asipokewe kwa shangwe kwenye kundi. Asubuhi ya kwanza alikuta madodoso 12 ya kata moja, yamepangwa, yenye tarehe ya kurudisha ambayo ingeweza kusogezwa. Jumatano nilimpigia. Nilimuuliza habari za asubuhi, akasema "Nzuri", nami nikasubiri, akacheka, kwa kuwa alishaijua desturi yangu, akasema, "Nzuri, ila umeme wa huku haujarudi tangu jana."